Kizunguzungu changu na vyama vya watafiti wa sikio, pua na koo

Vyama vya madaktari vinavyohimiza utafiti wa sikio, pua na koo havijulikani sana nje ya fani yenyewe. Mgonjwa hukutana na daktari, hakutani na chama. Akipona humshukuru daktari na Mungu wake, na ni haki yake. Mimi nilivifahamu vyama hivi kwa njia ya ugonjwa. Nilikuwa nashikwa na kizunguzungu kikali kila nikigeuka kitandani au nikiinua kichwa kuangalia juu, na siku nilipopata daktari anayekielewa, aliniondolea kwa dakika chache, bila sindano wala kidonge. Baada ya hapo sikuweza kutulia. Nilitaka kujua ni nani aliyegundua jambo jepesi namna ile, na kwa nini watu waliteseka miaka mingi kabla yake.

Kwanza nieleze ugonjwa wenyewe, maana ukiuelewa utaelewa na mengine. Ndani kabisa ya sikio kuna mirija mitatu midogo iliyopinda, imejaa majimaji. Kazi yake ni kuupasha ubongo habari kila kichwa kinapogeuka. Jirani na mirija hiyo kuna kifuko chenye chembechembe ndogo mno za kalsiamu kaboneti, yaani chokaa, ambazo kwa uzito wake humwambia mtu chini ni wapi na juu ni wapi. Chembe hizi zinaweza kubanduka, kwa sababu ya umri, au kuumia kichwa, au bila sababu inayojulikana, zikatumbukia kwenye mmoja wa ile mirija, mara nyingi ule wa nyuma. Basi kila ukilala zinateremka na kuyasukuma majimaji, na ubongo unapokea taarifa kwamba unazunguka ilhali umelala tuli. Kwa kawaida hali hiyo haifiki hata dakika moja. Lakini muulize aliyeipata kama dakika hiyo ni fupi.

Daktari wangu alinikalisha kitandani miguu imenyooka, akanigeuza kichwa upande wa sikio bovu, nusu ya safari ya kufika begani, kisha akanilaza kwa haraka hadi kichwa kikaning'inia kidogo nje ya ukingo. Chumba kikaanza kuzunguka. Yeye alikuwa ameyakazia macho yangu, ambayo yalikuwa yanachezacheza yenyewe, yanaruka upande mmoja na kurudi polepole, yanaruka na kurudi. Akangoja yatulie. Akanigeuza kichwa upande wa pili, akangoja tena. Akaniambia nijigeuze kwa ubavu mpaka pua ielekee sakafuni, akangoja, halafu akanikalisha. Ndiyo tiba nzima. Kila hatua inazisogeza zile chembe kipande kimoja cha mrija kwa uzito wake zenyewe, mpaka zinaangukia kule kwenye kifuko zilikotoka.

Ukiitafuta asili ya tiba hii unafika kwa Robert Bárány, daktari wa Vienna. Alipokuwa akiwasafisha wagonjwa masikio kwa maji, aliona kwamba maji baridi yanaleta kizunguzungu na kuyafanya macho yacheze, na maji moto yanayapeleka macho upande wa kinyume. Wengine nao walikuwa wameona wagonjwa wakiyumba baada ya kuoshwa masikio, ila yeye aliuliza kwa nini, akaendelea kuuliza hadi akapewa Tuzo ya Nobel ya mwaka 1914. Habari za tuzo zilimkuta Urusi akiwa mfungwa wa vita. Mwaka 1921, akiwa ameshahamia Uppsala nchini Uswidi, aliandika juu ya mwanamke wa miaka 27 aliyekuwa anapata kizunguzungu kila akilalia upande mmoja. Dalili zile ni zangu mimi, karne moja kabla.

Ikapita miaka zaidi ya 30. Mwaka 1952 Margaret Dix na Charles Hallpike wa London wakatoa maelezo ya wagonjwa 100 wa namna hiyo, pamoja na njia ya kukipima kizunguzungu hiki: kumgeuza mgonjwa kichwa, kumlaza haraka na kuyatazama macho. Ile hatua ya kwanza niliyofanyiwa ndiyo hiyo hiyo, na hadi leo inaitwa kwa majina yao. Maelezo yao yalichapishwa katika kumbukumbu za Royal Society of Medicine, chama cha madaktari, ambazo zilikuwa zikibeba mada zilizosomwa mbele ya wanachama. Hapo ndipo nilipoanza kuona umuhimu wa chama. Watu wawili waliona kitu hospitalini mwao, wakakiandika mahali ambapo mtu wa bara jingine angeweza kukisoma.

Na kweli kilisomwa. Miaka ya 1960, Harold Schuknecht wa Boston alikuwa akichunguza mifupa ya masikio ya watu waliofariki, na katika baadhi ya waliokuwa na kizunguzungu cha aina hii aliona mabaki ya chembe yamenata kwenye kiungo cha hisia cha mrija wa nyuma. Kazi hiyo si ya mchezo. Mfupa unaofunika sikio la ndani ni miongoni mwa mifupa migumu kuliko yote mwilini. Huwezi kuukata ukiwa mbichi bila kuviharibu vilivyomo. Inabidi uondolewe madini taratibu kwa kemikali, ukaushwe maji, upenyezwe gundi maalumu kwa miezi mingi, ndipo ukatwe vipande vyembamba vya sehemu ya milimita na kuwekwa chini ya hadubini. Kuanzia siku mfupa ulipopokelewa hadi siku kipande cha kwanza kitakapoonekana unaweza kupita mwaka mzima au zaidi. Schuknecht alidhani chembe zimenata. Baadaye wengine wakasema hapana, zinaelea ndani ya majimaji, na kama zinaelea basi zinaweza kutolewa.

Aliyezitoa ni John Epley wa Portland, jimbo la Oregon. Alianza kuwaeleza wenzake tangu mwaka 1980. Wengi hawakumwamini, na naelewa kwa nini: daktari anasimama mbele ya mabingwa akidai kwamba ugonjwa uliowashinda unatibika kwa kumgeuzageuza mgonjwa kitandani. Makala yake kamili kuhusu tiba hiyo ilitoka mwaka 1992, katika jarida la chama cha madaktari wa sikio, pua na koo wa Marekani. Miaka kumi na miwili! Ni wagonjwa wangapi walilala wakiwa wamekaa kwenye viti wakati huo, kwa kuogopa mto wao wenyewe?

Hapa msomaji anaweza kusema kwamba vyama basi ndivyo vilivyochelewesha tiba. Sikubaliani naye moja kwa moja. Kutilia shaka dai jipya ni wajibu. Kosa ni kulitilia shaka na kuliacha hapo hapo bila kulipima. Na lilipopimwa, lilipimwa vizuri. Wagonjwa waligawanywa kwa kura. Kundi moja likafanyiwa mzunguko wenyewe wa Epley, yaani kugeuzwa kama nilivyogeuzwa mimi, la pili likafanyiwa mzunguko wa bandia unaofanana nao ila hauwezi kuzitoa chembe mahali pake. Mgonjwa hakujua yuko kundi gani. Mwaka 2014 matokeo ya majaribio 11, yakiwemo ya namna hii, yakakusanywa na kupitiwa pamoja, na jibu likawa wazi kwamba mzunguko wa Epley unafanya kazi na ni salama. Daktari aliyenitibu hakuhitaji kuniambia "niamini".

Fikiria pia jambo hili, ambalo kwangu ndilo kiini cha habari yote. Nani angelipia majaribio hayo? Hakuna kidonge cha kuuza, hakuna chombo, hakuna hataza. Kampuni ya dawa haiwezi kupata faida kwa mtu kugeuzwa kichwa. Maswali ya aina hii, yenye faida kwa mgonjwa na yasiyo na bidhaa, yanahitaji fedha za umma au fedha za vyama, la sivyo yanabaki maswali. Ndivyo ilivyokuwa pia kwa kupooza ghafla upande mmoja wa uso, ugonjwa wa mshipa wa fahamu unaopita ndani ya mfupa wa sikio. Prednisoloni ni dawa ya zamani, rahisi kupatikana. Mwaka 2007 watafiti wa Scotland walichapisha jaribio lililoshirikisha wagonjwa 551, wakaonyesha kwamba baada ya miezi tisa asilimia 94.4 ya waliopewa dawa hiyo mapema walikuwa wamepona kabisa, dhidi ya asilimia 81.6 ya wasiopewa. Dawa ya kuua virusi iliyojaribiwa sambamba nayo haikuongeza kitu. Majibu yote mawili yana thamani, na hilo la pili limewaokoa watu wengi kumeza vidonge bila sababu.

Sasa nije kwenye mafindo, kwa sababu hakuna mahali panapoonyesha vizuri zaidi hatari ya fani isiyojipima. Mwanzoni mwa karne ya 20 kuwakata watoto mafindo ilikuwa desturi. Mwaka 1934 kilichapishwa uchunguzi uliofanywa jijini New York kwa watoto wa shule 1,000 wenye umri wa miaka 11. Kati yao 611 walikuwa wameshakatwa. Waliobaki 389 wakapelekwa kwa madaktari, ambao waliamua kwamba 174 wakatwe. Wale 215 walioambiwa hawana tatizo wakapelekwa kwa madaktari wengine, wasiojua kilichotangulia, na hao wakawachagua 99. Waliobaki 116 wakapelekwa tena kwa wengine, na 51 wakaambiwa wakatwe. Baada ya raundi tatu walibaki watoto 65 tu ambao hakuna aliyewataka kwa kisu.

Soma tena tarakimu hizo. Kila kundi la madaktari lilichagua karibu nusu ya watoto waliowekwa mbele yake, hata pale ambapo wenzao walikuwa wameshasema watoto hao ni wazima. Siamini kwamba walikuwa watu wabaya. Kila mmoja aliinamia koo la mtoto kwa taa na kijiko cha kukandamizia ulimi, akaona alichozoea kuona. Hakuwa na kipimo cha nje ya jicho lake. Na upasuaji ule ulikuwa na damu, na dawa za usingizi za enzi hizo, na watoto waliokufa.

Kipimo kilikuja kwa kuchelewa. Mwaka 1984 Jack Paradise na wenzake wa Pittsburgh walichapisha jaribio lao. Waliwaingiza watoto waliougua koo kwelikweli, ugonjwa ukiwa umeandikwa na si kukumbukwa tu na mzazi: angalau mara saba katika mwaka mmoja, au mara tano kwa mwaka katika miaka miwili mfululizo, au mara tatu kwa mwaka katika miaka mitatu. Waliokatwa waliugua mara chache zaidi katika miaka miwili ya kwanza. Lakini wengi wa wasiokatwa nao waliugua kidogo tu, maana watoto wengi hukua na ugonjwa ukapungua wenyewe. Saba, tano, tatu: hesabu hiyo imeingia katika miongozo ya nchi nyingi, na mzazi anayeambiwa leo kwamba mwanawe akatwe mafindo ana haki ya kuiuliza.

Ndiyo maana kuna kanuni moja ya chama fulani ninayoipenda kwa dhati. Triological Society ya Marekani ilianzishwa mwaka 1895. Wakati huo madaktari wa sikio walikuwa tayari na chama chao tangu 1868, na wa koo walikuwa na chao tangu 1878, wakikutana kila mmoja kwake. Kumbe sikio la mtoto linalotoa usaha mara nyingi limeanzia nyuma ya pua, kupitia mrija unaounganisha koo na sikio la kati. Ilikuwa busara kuwakalisha pamoja. Lakini kanuni ninayoisema ni hii: katika chama hiki daktari anayetaka kuwa mwanachama kamili anatakiwa kuwasilisha tasnifu, kazi ya utafiti aliyoifanya mwenyewe, ikapitiwa na kukubaliwa. Haitoshi awe na jina, au wagonjwa wengi, au mkono mwepesi kwenye kisu. Kwanza alete swali na namna alivyolijibu.

Vyama vingi katika fani nyingi hujaza wanachama kwa ada na barua za kupendekezwa. Hiki kinamdai mtu, angalau mara moja maishani, aonje ugumu wa kutafuta jibu: takwimu zinazokataa kusema alichotarajia, wagonjwa wasiorudi, wenzake wanaomuuliza alivyowachagua aliowapima. Aliyepitia hayo hawezi tena kusema "kwa uzoefu wangu" kwa urahisi ule ule. Ndiyo sababu napenda kujua kama daktari wangu amewahi kuandika chochote kilichokosolewa na wenzake. Vyama hivi pia hutoa ruzuku kwa vijana wanaoanza. Fedha zenyewe si nyingi, ila zinamwezesha daktari kutenga muda nje ya chumba cha upasuaji na kupata matokeo ya awali ya kuombea fedha kubwa. Nchini Marekani vyama kadhaa vya fani hii vimekubali hata kuunganisha maombi ya ruzuku zao, yakapitiwa mahali pamoja. Natamani vingine duniani viige.

Sivisifu kwa kila kitu. Mikutano yao ni ghali na mara nyingi iko mbali na wagonjwa walio wengi. Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya mwaka 2021, lilieleza kwamba watu zaidi ya milioni 430 wanahitaji huduma kwa sababu ya upungufu mkubwa wa kusikia, na kwamba idadi hiyo inaweza kupita milioni 700 ifikapo 2050. Karibu asilimia 80 yao wako katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Ukipitia majarida ya fani, maswali yanayoulizwa hayafuati mgawanyo huo hata kidogo. Sikio la mtoto linalotoa usaha mwaka hadi mwaka, mpaka kiwambo kikatoboka na mwalimu akamwona mzembe, halina mvuto wa roboti ya upasuaji. Chama kinachosema kinahimiza utafiti kinapaswa kuamua pia ni utafiti wa nini, na kwa faida ya nani. Vilevile naviomba vichapishe yaliyoshindikana. Jaribio lililotoka bure likifichwa, mtu mwingine atalirudia, na wagonjwa wengine wataubeba mzigo ule ule.

Kinachonipa matumaini ni kuona vitu vilivyoonekana havina faida vikizaa matunda. Mwaka 1999 watafiti wa Paris waligundua jeni ya protini inayoitwa otofelini, ambayo bila hiyo seli za sikio zinapokea sauti lakini haziwezi kuipitisha kwenye mshipa wa fahamu. Ni aina adimu ya uziwi wa kuzaliwa. Januari 2024, watafiti wa Shanghai pamoja na wenzao wa Boston walitangaza kwamba watoto sita wenye uziwi huo walitiwa jeni nzima sikioni, na watano kati yao wakaanza kusikia. Robo karne kati ya jeni na mtoto aliyegeuka alipoitwa. Hakuna kliniki inayoweza kungoja kiasi hicho peke yake. Ni jamii ya watafiti inayongoja, wengine wakistaafu na wengine wakipokea.

Na bado yapo yaliyokwama. Mlio wa masikioni usiokoma hauna dawa ya kuumaliza. Seli za kusikia za binadamu zikifa hazioti tena, ingawa tangu miaka ya 1980 inajulikana kwamba kwa ndege zinaota. Kwa nini kuku arudishiwe usikivu wake na mimi nisirudishiwe? Ni swali la dhati, na watu wanalifanyia kazi kila siku.

Sehemu kubwa ya majibu imefichwa ndani ya ule mfupa mgumu, ambao hauwezi kufunguliwa mtu akiwa hai bila kumharibia sikio. Ndiyo maana katika baadhi ya nchi kuna hifadhi za mifupa ya masikio, ambako mtu anajiandikisha akiwa hai ili akifa masikio yake yachunguzwe. Wanaohitajika zaidi ni sisi tuliougua: wenye kizunguzungu, wenye mlio, waliopoteza usikivu. Chembe alizoziona Schuknecht zilikuwa za watu waliougua kama mimi, na ndugu zao waliokubali.

Nimeshawaambia watu wa nyumbani kwangu kwamba nataka masikio yangu yaende huko. Mazungumzo hayakuwa mepesi, na mmoja wao bado hajakubali, namwacha afikiri. Wakati huo huo natunza karatasi zote za vipimo vyangu, tarehe za kila kizunguzungu na upande kilikoanzia, kwa kuwa mfupa usio na historia ya mwenyewe hauwasaidii sana watafiti.